Inchi 6, 11 au 18: Koili Ipi kwa Ardhi ya Lupa?

Anayenunua detekta ya dhahabu kwa mara ya kwanza huuliza inashuka kina gani, na mara nyingi huonyeshwa koili kubwa, yaani duara pana la waya linalopitishwa juu ya ardhi. Jibu hilo huwapotezea wachimbaji wadogo fedha na nguvu, kwa sababu kina hakinunuliwi kwa inchi. Koili huchaguliwa kwa kuangalia mambo matatu: ukubwa wa dhahabu ya eneo, umbali wake kutoka juu, na kelele za udongo unaoifunika. Nitayachambua kwa kutumia ardhi ya Lupa, wilayani Chunya, mkoani Mbeya.

Dhahabu ya mashapo iligunduliwa Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko. Chanzo chake ni mishipa ya kwatzi iliyomo ndani ya miamba ya kale. Miamba ilipomomonyoka, sehemu ya dhahabu ilibaki kwenye udongo wa miteremko na nyingine ikasombwa hadi vijitoni. Kwa hiyo ndani ya leseni moja mchimbaji anaweza kukuta mteremko wenye udongo mwembamba juu ya mwamba, kijito kikavu chenye changarawe na mawe, na mashimo ya zamani yenye vifusi na misumari. Hakuna koili moja iliyo bora kote huko.

Tuanze na namna koili inavyofanya kazi. Detekta nyingi zinazotumika kwenye udongo wenye chuma kingi ni za mapigo. Mashine hupitisha umeme kwenye koili, kisha huukata ghafla. Uga wa sumaku unapoporomoka huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande cha metali kilichofukiwa, na mikondo hiyo hutoa uga dhaifu unaorudi kwenye koili. Mbali na koili, uga hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali wakati wa kwenda, na kwa kiasi hicho hicho wakati wa kurudi. Jumla yake ni kipeo cha sita: umbali ukiongezeka maradufu, mwitikio unaobaki ni sehemu moja ya 64. Ndiyo maana mashine yenye mkondo mkubwa mara mbili huongeza takriban asilimia 12 tu ya kina. Anayeahidi zaidi kwa kuongeza nguvu peke yake anapingana na fizikia.

Koili kubwa husaidia kwa njia nyingine: hutandaza uga wake mbali zaidi kabla haujaanza kuporomoka kwa kasi hiyo. Lakini ina masharti. Mashine ya mapigo hukubali kiwango fulani tu cha indaktansi, yaani tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo, hivyo koili inavyokuwa pana ndivyo inavyopewa mizunguko michache ya waya. Ukiingiza sharti hilo kwenye hesabu ya duara la waya, mkondo ukiwa ule ule, unapata kanuni rahisi kukumbuka: kwa kina chochote, koili inayosikia vizuri zaidi ni ile ambayo nusu ya kipenyo chake inalingana na kina hicho.

Tuchukue koili tatu za kawaida: inchi 6, sawa na sentimita 15, inchi 11, sawa na 28, na inchi 18, sawa na 46. Kwa kipande kilicho sentimita 5 chini ya koili, ile ya inchi 6 hupata mwitikio unaozidi ule wa inchi 18 kwa takriban mara kumi. Kikiwa sentimita 30 chini, mambo hugeuka: ya inchi 18 huizidi ya inchi 6 kwa zaidi ya mara nane. Mpaka kati ya inchi 6 na 11 uko karibu na sentimita 10, na kati ya 11 na 18 uko karibu na sentimita 18. Kwa hiyo kwenye mteremko ambao mwamba uko sentimita 15 tu chini, koili ya inchi 18 haina hata mahali pa kuonyeshea uwezo wake.

Hesabu nyingine inafaa kuandikwa kwenye sanduku la kila koili. Ikiwa koili ya inchi 11 inasikia kipande fulani mwisho sentimita 30, ya inchi 18 itakisikia kwa nguvu ile ile kikiwa karibu sentimita 35. Kipenyo kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, kina kimeongezeka kwa sentimita 5. Sasa fikiria mchimbaji aliyechoka kubeba koili nzito, akiipitisha juu ya majani badala ya kuikaribisha ardhini. Akiiinua sentimita 5 tu, faida yote aliyoinunua imeishia hewani. Kufyeka majani na kuishusha koili kunaleta kina bila kuongeza gharama ya kifaa.

Hesabu hizo hazijagusa kelele za udongo, na hapo ndipo udongo mwekundu wa laterite unapoingia. Una oksidi za chuma, zikiwemo magnetaiti na maghemaiti, na baadhi ya chembe zake huendelea kuitika kwa muda mfupi baada ya pigo kukatwa, kama metali inavyofanya. Koili pana hupokea sauti ya udongo mwingi kwa wakati mmoja, ilhali kipande cha dhahabu ni kile kile. Mashine ikilazimika kupunguzwa usikivu ili itulie, zile sentimita 5 zinaweza kupotea zote. Katika ardhi yenye kelele, koili ndogo iliyotulia hupata dhahabu ambayo kubwa inaipita.

Halafu kuna ukubwa wa dhahabu yenyewe. Punje ya mviringo ya dhahabu safi yenye kipenyo cha milimita 2 ina uzito wa gramu 0.08 hivi, na mikondo ndani yake hufifia kwa kipimo cha mikrosekunde 5 au 6. Punje ya milimita 10, yenye gramu 10, huidumisha kwa muda mrefu mara 25. Dhahabu ya asili huwa imechanganyika na fedha, hivyo mikondo yake hufifia mapema zaidi. Mashine lazima ianze kusikiliza upesi baada ya pigo, na koili isiyotulia haraka, kama ilivyo mara nyingi kwa kubwa, hufunika sauti ya punje ndogo. Ndiyo maana koili kubwa hufaa vipande vya gramu nyingi vilivyo chini, na si punje za juu juu.

Umbo nalo lina nafasi yake. Koili ya mono, yenye duara moja linalotuma na kupokea, husikia kina zaidi chini ya katikati yake, na eneo lake hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Anayeitumia aipitishe kwa mipito inayopandana kwa nusu ya upana wake, la sivyo ataacha mistari isiyopimwa. Koili ya D mbili husikia kwenye ukanda kutoka mbele hadi nyuma na hustahimili udongo mkali vizuri zaidi, ingawa mara nyingi hupoteza kina kidogo. Koili yenye umbo la yai jembamba huingia kati ya mawe ya kijito na kutenganisha msumari na dhahabu iliyo karibu nao.

Kwa hiyo kazi ianze kwa karai, kabla ya duka. Chimba shimo la majaribio hadi kwenye mwamba, pima tabaka zake, osha udongo wa kila tabaka kando na uangalie dhahabu inayobaki. Ikiwa ni vumbi tupu, hakuna koili itakayoisikia. Hapo ni kazi ya kuosha. Ikiwa ni punje ndogo zilizo karibu na juu, nunua ya inchi 6 au yai jembamba. Ikiwa hali inachanganyika, inchi 11 ndiyo ya kuanzia. Ya inchi 18 ingojee ushahidi wa vipande vikubwa kwenye kina kinachozidi sentimita 20, kwenye ardhi iliyotulia. Kisha fukia kipande cha madini ya risasi kwenye udongo huo huo, ulinganishe koili kabla ya kulipa.

Njia ya kupata kina kikubwa zaidi inajulikana kwa kila mwenye jembe: pima, kwangua sentimita 15 za udongo, pima tena kwa koili ile ile. Kila tabaka linaloondolewa huileta dhahabu ya chini mahali ambapo koili ndogo inaisikia vizuri. Mchimbaji mwenye fedha za koili moja tu achukue ya inchi 11, na kiasi kinachobaki akitumie kuwalipa vibarua wa kukwangua.