Tunamcheka Mathe, Yeye Hajibu

Mara ya kwanza konda kuniita "mathe" ilikuwa Ngara, saa moja jioni, nikiwa na mkoba wa laptopu mgongoni na miaka 33. "Mathe, songa huko nyuma, kuna kiti." Niligeuka nione anaongea na nani. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Usiku huo nilijitupa kitandani nikafungua klipu za Mama Otis, dawa yangu ya kila siku. Nilicheka, lakini kicheko kilikwama kidogo. Sikuwa na uhakika tena niko upande gani wa huo mzaha.

Kama humjui Mama Otis (labda huna bando), ni hivi: Flaqo, kijana wa kiume, anajifunga kitambaa kichwani anakuwa mama. Anakifungua, anakuwa Otis, mtoto anayegombezwa. Mtu mmoja, sauti mbili. Siku hizi kuna jeshi zima la vijana wanaoigiza wazazi wao, na vifaa vyao ni vilevile: leso, ndara inayorushwa, rimoti iliyovikwa nailoni, mkebe wa siagi uliojaa maharagwe, glasi za wageni zilizofungiwa kabatini. Ukiumwa na kichwa, ni simu. Ukianguka mtihani, ni simu. Stima zikipotea, pia ni simu.

Inachekesha kwa sababu ni kweli. Inachekesha pia kwa sababu ina uchokozi ndani yake. Katika jamii zetu nyingi utani una njia zake. Babu humwita mjukuu wa kike "bibi yangu". Shosho humwita mvulana wa miaka mitano "mume wangu" na kumdai pesa za matumizi, na mvulana anaruhusiwa kumjibu kwamba hataki mke asiye na meno. Wote wanacheka, hakuna anayeitwa mkosa adabu. Lakini baba na mama hawakuwa kwenye mchezo huo. Mzazi ni wa kuheshimiwa, ukimtania unapima maneno. Hawa vijana wa leso wameruka ua huo. Wanasema hadharani yale ambayo sisi tulimezea mezani miaka yote. Hiyo ni kazi kubwa, na ninaiheshimu.

Shida yangu ni kwamba utani huchezwa na watu wawili. Shosho akitaniwa anarudisha, na mara nyingi anarudisha kwa nguvu zaidi. Kwenye klipu, mathe anaigizwa na mtoto. Maneno yake yote anaandikiwa na Otis. Anaweza kupiga kelele mpaka spika ilie, lakini kujibu hawezi.

Linganisha na Vitimbi. Waliokulia mbele ya KBC wanamkumbuka Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Tulimcheka yule mzee: miwani yake, ujanja wake uliomrudia mwenyewe. Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Utani wa lafudhi za makabila ulitumiwa kupita kiasi, na baadhi yake leo ungetukera. Lakini mzee alikuwa na tamaa zake, hofu zake, na mke aliyemjibu neno kwa neno. Ukizima televisheni, ulihisi umekutana na mtu. Klipu nyingi za leo zikiisha, nimekutana na mazoea tu.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha mama klipu moja ya glasi za wageni. Alicheka mpaka akavua miwani apanguse macho. Halafu akasema, "Lakini hakuna anayeuliza zilinunuliwaje."

Zetu zilikuwa 6. Alizinunua mbili mbili, kila mwisho wa mwezi, katika ile miaka ya 1990 ambapo watu walikuwa wanapunguzwa kazini na karo inapanda. "Mngevunja moja ningeitoa wapi? Na mgeni akija, nimpe soda kwa kikombe cha plastiki ajue tumeishiwa?" Kumbe miaka hiyo yote glasi zilikuwa zinatusitiri, na mimi nilidhani mama anapenda wageni kuliko sisi.

Nikiwa bado natafuta la kusema, akaongeza: "Na wewe, ile blenda niliyokununulia, si bado iko kwa boksi?"

Iko kwa boksi. Nangoja nihamie nyumba nzuri.

Jibu kama hilo ndilo silioni kwenye klipu. Tunaonyeshwa tabia ya mzazi, lakini sababu yake inaachwa nje ya mlango. Kwa glasi si neno. Lakini kuna mambo mazito zaidi. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wazazi wengi walipiga simu na ujumbe mmoja: rudi nyumbani. Tuliwaita waoga, tukawatengenezea vichekesho. Ila baadhi yao walikuwa vijana wakati wa Saba Saba ya mwaka 1990. Walijua rungu linavyolia, na walijua kuna watu ambao hawarudi. Sisemi walikuwa sahihi kutuambia tukae. Hata mimi sikukaa. Ninachosema ni kwamba huo ni ubishi wa kweli kati ya watu wawili wanaopendana, na kichekesho kinachompa mmoja mdomo bila sababu kinatunyima ubishi wenyewe.

Wapo vijana ambao siku hizi wanawaweka wazazi wao halisi mbele ya kamera. Ni hatua, ingawa mara nyingi mzazi anashtukizwa tu ili tuone anavyoruka. Mimi natamani klipu moja ambayo Otis anamuuliza Mama Otis swali la kweli, naye anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Halafu ajibu, na jibu lake liwe na makali kuliko swali. Flaqo ana kipaji cha kutosha kwa kazi hiyo. Anajua sauti ya mama vizuri mno kuiacha iwe kelele tu.

Na afadhali waharakishe, maana zamu yetu imeshafika. Juzi binamu yangu wa miaka 19 alilalamika kichwa kinamuuma. Kabla sijajizuia, nikamwambia ni hiyo simu. Aliniangalia kwa muda. Kisha akaiinua na kuanza kurekodi.