Akili Mnemba, Bahari ya Mafia

Jamani, nimekesha! Si kwa msiba wala kwa mpira. Nimekesha kwa ajili ya likizo ambayo hata sijaenda. Saa tisa usiku nilikuwa jikoni kwangu Tabata, simu imechomekwa ukutani maana chaji ilishakata mara mbili, nabishana na programu ya akili mnemba kuhusu siku gani maji ya Mafia yatakuwa mafu. Na ikanishinda. Kwa hoja!

Nikiri kwamba jina lilinivuta kabla ya kitu chenyewe. Mpiga mbizi wa pwani hii akisikia "mnemba" haoni kompyuta. Anaona kile kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki mwa Unguja, maji ya samawati, na boti za watalii zimebanana kama daladala za Buguruni. Nikajisemea, kitu chenye jina kama hilo lazima kinajua bahari. Programu yenyewe siitaji, maana siku hizi ziko nyingi na zinafanana kama ndugu. Ninachotaka kuwasimulia ni maagizo, yale maneno unayoiandikia, ambayo vijana wanayaita prompti. Uchawi wote uko hapo.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa hovyo. Niliandika: "Nipangie likizo ya kuzamia na ufukwe." Mnajua ilinijibu nini? Ilinionya, kwa adabu kubwa, kwamba kuzamia melini ni kosa la jinai na ni hatari kwa maisha yangu. Ilidhani nataka kujificha kwenye meli ya mizigo niibukie Durban! Nilicheka hadi mke wangu akauliza kutoka chumbani kama niko mzima. Lakini kosa la nani? Mtaani kwetu ukisema fulani amezamia, nani anafikiria samaki? Nikafuta, nikaandika "kupiga mbizi". Nikapewa siku saba za Nungwi, machweo, pweza wa nazi, na "kufurahia utamaduni wa wenyeji". Orodha hiyo hata shangazi yangu wa Dodoma, ambaye hajawahi kulowa maji ya chumvi, angeiandika akiwa anapepeta mchele.

Ndipo nikaandika agizo la pili. Nalinakili lote, kwa sababu hapa ndipo nilipopagawa:

"Tuko watatu, tunatoka Dar es Salaam. Mimi nina cheti cha Open Water, nimepiga mbizi mara kumi na moja, mara ya mwisho ni miezi kumi na minne iliyopita. Mke wangu haogelei, anafundisha historia. Binti yetu ana miaka tisa na haogopi kitu. Tunataka Mafia, Februari 2026, siku sita. Nataka kumwona potwe. Sitaki mkondo mkali. Kabla hujajibu, niulize kila unachohitaji kujua, na usinipambe."

Hilo la mwisho liandikeni mlitundike ukutani. Badala ya kunimwagia orodha, ikaanza kunihoji kama mkwe. Vifaa ni vyako au utakodi? Kwenye ndege ndogo mna habari kwamba mzigo ni kilo 15 tu, begi laini? Umewahi kuugua pumu? Nikajibu kidogo, utotoni, imepita. Ikasimama pale pale. Haikuendelea hadi niahidi kumwona daktari kabla ya kulipia chochote, na nilipojaribu kuizunguka kwa maneno matamu ilinirudisha kwenye swali lile lile bila hasira. Halafu ikaja na hili: "Mke wako haogelei kwa sababu hapendi maji, au hapendi kina?"

Sikuwa na jibu. Nimeoa miaka kumi na miwili! Ikabidi niende chumbani kuuliza. Akasema maji anayapenda sana, ila hapendi kusimama mahali asipoiona miguu yake. Nikaandika jibu lile neno kwa neno.

Sasa sikilizeni habari ya mwezi. Ghuba ya Chole, ambako wapiga mbizi wengi wa Mafia huenda, hujaa na kutoka kupitia milango ya bahari, na mlango mkubwa ni Kinasi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote yanabanana kupita pale. Mtu mwenye mbizi kumi na moja kama mimi atapeperushwa kama mfuko wa rambo. Ikanieleza kwamba mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari na mwezi mpya utakuwa tarehe 17. Robo ya mwisho ni tarehe 9, na maji hulegea kabisa siku moja au mbili baada ya hapo. Kwa hiyo nendeni tarehe 8, rudini tarehe 14, na Kinasi muwekeeni tarehe 10 au 11, maji yakiwa yanaingia, kwa kuwa yanayoingia ni meupe kuliko yanayotoka.

Mimi nilikuwa natetea wiki ya tarehe 17, kwa sababu za kazini. Nikaiandikia: "Nipinge kama nimekosea." Ikanipinga! Ikasema wiki hiyo ni bamvua tupu, na zaidi ya hapo mwezi ukiandama tu Ramadhani inaingia, tarehe 18 au 19. Mafia wenyeji wengi ni Waislamu, mabaharia watakuwa wamefunga, na vibanda vya chakula vitakuwa kimya mchana. Mwenzenu nimezaliwa Mwislamu, nimesahau Ramadhani, nakumbushwa na simu. Shehe wangu akisoma hapa aruke aya hii.

Februari yenyewe iliisifu. Kaskazi inavuma, masika bado, maji ni ya uvuguvugu wa nyuzi 28 hadi 30, na nje ya ghuba panapigika mbizi, tofauti na miezi ya kusi ambapo mnajibana ndani. Potwe nao wanakuwa karibu. Ikanifafanulia jambo ambalo sikulijua miaka yote ninayojigamba: samaki huyu mkubwa kuliko samaki wote duniani husogea upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi hivi, akifuata uduvi. Uduvi! Huu huu wa kwenye fungu la sokoni! Wakati mimi nitalala Utende, upande wa mashariki, ng'ambo ya kisiwa. Kwa hiyo siku ya potwe ni ya gari asubuhi hadi Kilindoni, na siku hiyo mitungi ibaki ufukweni, maana potwe hufuatwa kwa miwani na mrija tu, bila kumgusa.

Nani angenipangia hivi? Watu wa vifurushi vya safari nimewahi kuwalipa, na waliniweka Kinasi siku ya bamvua wakasema ni bahati mbaya.

Inakosea? Inakosea, tena kwa kujiamini. Nilipoandika "boti iondoke saa tatu asubuhi", ratiba ikanitaka niwe gatini usiku wa manane, saa tisa, na popo wa Chole. Ilisoma saa yetu kwa Kizungu. Mwanzoni sikugundua, nikashangaa mbona potwe anaamka mapema kuliko muadhini. Dawa yake ni agizo moja: "Tumia saa za Kiswahili, siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi." Tangu hapo ikaandika "saa nne kasorobo" kama imelelewa Mwembechai. Kubwa zaidi, ilinipa nyumba ya wageni ya Utende yenye jina tamu, kibaraza na machela. Nikapiga simu kwa watu watatu wa huko. Haipo. Haijawahi kuwepo. Kibaraza chote kile kilikuwa cha hewa.

Basi nikajifunza agizo jingine: "Weka nyota kwenye kila jambo ambalo huna uhakika nalo." Nyota zikamwagika kwenye bei, ratiba ya kivuko cha Nyamisati, na ada ya kila siku ya hifadhi. (Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, kwa hiyo kuingia majini pale kuna malipo yake, na raia hawalipi sawa na wageni.) Palipo na nyota napiga simu mwenyewe. Hata hivyo ilisaidia kuandika ujumbe wa kutuma kwa watu wa mbizi, mfupi, wenye maswali yote, bila zile salamu zangu za nusu ukurasa.

Binti yangu tumemkosea kidogo. Cheti cha watoto kinaanzia miaka kumi. Kuanzia minane ni mafunzo ya kuonja tu, mtungi mgongoni, mwisho mita mbili. Nilipomsomea alinitazama kwa huruma: "Baba, mita mbili ni bafu." Mashine ikampa pia kisiwa cha Chole na popo wake wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe, akatulia. Mwalimu wa historia amepewa Kua, kisiwani Juani, mji wa mawe uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Ikasisitiza waende maji yakiwa yamejaa, mashua isije ikakwama.

Asubuhi, macho mekundu, nikampigia nahodha mmoja wa Utende niliyepewa namba yake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamsomea mpango wote, robo ya mwezi, mkondo, maji kuingia. Alinisikiliza kwa subira. "Hiyo tarehe 10," akauliza, "Shaabani itakuwa ya ngapi?" Nikaihoji mashine haraka: ishirini na moja au ishirini na mbili. "Mafu hayo," akasema. "Njoo." Sekunde tano. Mimi na simu yangu tulitumia saa nzima. Lakini aliongeza kitu ambacho mashine haikukitaja: mbizi yangu ya kwanza niifanye mahali pa kina kifupi, ndani ya ghuba, kwa sababu miezi kumi na minne ni mingi. Nikairudia mashine kwa hasira kidogo. Ikaniomba radhi, ikapanga upya siku yote ya tarehe 9. Hata kuomba radhi inajua!

Ugomvi uliobaki ulikuwa tarehe 13. Ndege inaruka tarehe 14, saa moja asubuhi, na baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo mtu hapaswi kupanda ndege kabla ya saa 18 kupita, naitrojeni itoke mwilini. Nikapiga hesabu zangu: nikitoka majini saa nne asubuhi ya tarehe 13, nina saa 21. Nafasi tele! Nikaiandikia programu iniwekee mbizi moja ya kuagana na Kinasi. Ikakubali, ikaweka. Nikaenda kuoga nikiimba.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshika simu. Alikuwa ameandika agizo lake la kwanza maishani, mstari mmoja: "Nataka siku moja ambayo mume wangu hapigi mbizi."

Mbizi yangu ya kuagana ilikuwa imeshafutwa. Mashine ilimjibu kwamba saa 18 ndicho kima cha chini, wengi hushauri 24, na kwa mtu ambaye mapafu yake bado hayajaonwa na daktari ni busara kusubiri zaidi. Tarehe 13, ilisema, maji yatakuwa yameanza tena kupata nguvu, kwa hiyo fungu la Marimbani litaibuka vizuri asubuhi mapema, mchanga mweupe pande zote. Bebeni mwavuli, maji ya kunywa na maandazi. Maji ni ya magotini, na miguu inaonekana.