Michembe ya Juni, Sikukuu ya Desemba

Usukumani, maandalizi ya sikukuu za Desemba huanza mwezi wa Juni. Mvua zimekwisha, mpunga umeshaingia ndani, pamba inachumwa, upepo wa kipupwe unavuma juu ya mbuga za Shinyanga, na viazi vitamu vimekomaa kwenye matuta. Shule nazo hufunga mwezi huohuo. Watoto wanaokulia Geita mjini au Kahama hupandishwa basi kwenda kwa bibi, na kwa bibi wakati huo hakuna kukaa bure. Nyumba nzima inatengeneza michembe na matobolwa.

Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtu yeyote mwenye kisu na jua. Kaa na akina mama siku mbili tatu, utaona kwamba sehemu kubwa ya ustadi wao ni kujua lini wasifanye kitu.

Kwanza, kiazi kilichong'olewa leo hakikatwi leo. Huachwa kinyauke kwa siku kadhaa. Kiazi kibichi kimejaa maji, ni kigumu, na hupasuka ovyo kisu kikipita. Kikishanyauka hulegea kidogo, kikakubali makali ya kisu, na utamu wake unakuwa umejikusanya. Mama hapimi kwa kuhesabu siku. Anakibonyeza kwa dole gumba, anakirudisha chini, anachukua kingine. Mgeni mwenye haraka huiruka hatua hii, na michembe yake huonekana tangu mbali.

Kisha kinakuja kisu. Kwa kawaida ni kidogo, kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki ukanda mwembamba. Mama ameketi chini, amenyoosha miguu, ungo uko ubavuni. Hatumii kibao. Kiazi kimekaa kiganjani, kisu kinavutwa kuelekea dole gumba na kusimama pale panapotakiwa, kipande kinaanguka, kingine kinafuata, na mazungumzo hayakatiki. Ukiokota vipande kumi kutoka kwenye ungo ule utakuta unene wao ni mmoja. Unene huo una sababu. Kipande kinene hukauka nje na kubaki na unyevu katikati, halafu kikaota ukungu na kuambukiza vingine. Chembamba mno huvunjika na kugeuka unga kabla hakijaliwa.

Kuanika ndiko kunakonivutia zaidi. Usukuma ni nchi ya majabali, na wazee wa zamani waliona manufaa yake. Jabali lililofagiliwa halina vumbi, linapata upepo pande zote, na jua likishatua bado linatoa joto, kwa hiyo michembe huendelea kukauka kutoka chini. Pasipo jabali hutandikwa jamvi au turubai. Hapa watoto nao wana cheo: kuwafukuza kuku na mbuzi, na kugeuza vipande upande wa pili. Mjukuu huchoka mapema.

"Bibi, hii tayari?"

"Bado, mjukuu wangu. Itikise uisikilize."

Konzi ya michembe iliyokauka sawasawa hulia ikitikiswa, na kipande kimoja kikivunjwa hukatika kwa mlio mkavu. Kikipinda, kinarudi juani.

Matobolwa yana subira ya namna nyingine. Kiazi kinapopashwa moto polepole, kimeng'enya kilichomo ndani yake hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Moto wa kukurupuka hukiivisha kabla kazi hiyo haijakamilika. Ndiyo maana sufuria huwekewa moto wa kiasi na kufunikwa vizuri. Yakikauka, matobolwa huwa ya rangi ya asali na magumu kama ngozi, na mtoto anaweza kutafuna moja njia nzima ya kwenda dukani. Michembe myeupe ndiyo ya kulisha nyumba. Tobolwa ni la kufurahisha.

Baada ya hapo chakula huingia kwenye kihenge, kikakaa miezi mingi. Siku hizi kinalindwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ya dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya mwisho ya 1970, ambaye hutoboa mahindi, mihogo mikavu na michembe pia.

Desemba inapofika, vijana wanarudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na Mgusu, Geita, wakiwa na mchele, nyama na nguo za watoto. Tarehe 25 pilau hupikwa, na ni haki yake. Lakini mvua zimeshaanza, mashamba yanadai jembe, na mahindi ya msimu uliopita yamepungua. Anayeamka alfajiri kulima hupewa michembe iliyochemshwa na kupondwa na karanga, au bakuli lake pamoja na maziwa mgando. Nyumba iliyojaa wageni hulishwa wiki nzima na jasho la Juni.

Nimesikia watu wakiiita michembe chakula cha njaa, na sikubaliani nao hata kidogo. Chakula cha njaa ni kile unachokimbilia baada ya kushindwa kupanga. Hiki kimepangwa nusu mwaka kabla, na watu waliosoma upepo, jabali, kisu na moto bila kufundishwa darasani. Kinastahili kupakuliwa mezani siku ya sikukuu, mbele ya wageni, wala si kufichwa jikoni.

Basi wewe uliye Geita, Kahama au Mwanza, na unapanga kuwapeleka watoto kijijini Desemba tu, wapeleke na Juni pia. Desemba watakula michembe ya bibi. Juni bibi atawapa kisu.