Bomba jipya la hewa kwenye Probox ya Meru

Wenye Probox wanaofika gereji za Meru wakitaka bomba jipya la hewa huja na lalamiko moja: gari lenye mzigo halina nguvu likipanda kutoka daraja la Nithi. Lalamiko hilo ni la haki, ila chanzo chake kikubwa hakimo ndani ya boneti. Mji wa Meru uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huko juu uzito wa hewa ni kama asilimia 86 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo inayotoa nguvu za farasi 100 pwani itatoa karibu 86 hapa, na Timau, palipo juu zaidi, itashuka zaidi. Hakuna filta itakayorudisha hewa hiyo.

Kwa macho, kazi ni nyepesi. Fundi hung'oa kasha la filta, huchomoa soketi ya sensa ya hewa, hufunga bomba la alumini lenye filta nyekundu iliyochongoka kichwani, kisha hurudisha sensa kwenye tundu jipya na kukaza. Injini ikiwashwa inanguruma, na mwenye gari anaondoka akiamini ameongezewa kasi.

Kosa kubwa huwa kwenye kipenyo cha bomba. Sensa ya hewa ya injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox nyingi, ina waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa umeme unaotumika kulinda joto la waya huo. Hesabu hiyo iliwekwa kwa bomba la upana mmoja tu. Tuseme bomba la zamani lilikuwa na milimita 60 na jipya lina 70: nafasi ya kupitia hewa imeongezeka kwa asilimia 36. Hewa ileile sasa inapita polepole, na kompyuta inadhani imepungua kwa robo nzima, hivyo inapunguza petroli. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua upungufu na petroli huongezwa, hadi marekebisho yafike kikomo. Hapo taa ya injini huwaka, na mashine ya kupimia husoma P0171.

Kinachonitia hofu zaidi ni pale dereva anapokanyaga hadi mwisho mlimani. Wakati huo kompyuta haisubiri sensa ya oksijeni. Petroli ikiwa haba, joto la silinda hupanda na injini huanza kugonga, gari likiwa limejaa magunia. Kwa hiyo fundi apime kwa kalipa kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, na bomba jipya liwe na kipimo hichohicho mahali hapo. Sehemu nyingine zikiwa pana haidhuru. Pia mpira unaotoa mvuke kwenye kifuniko cha injini lazima uunganishwe tena. Ukiachwa wazi, injini hunyonya hewa ambayo sensa haikuihesabu.

Halafu kuna suala la hewa inatoka wapi. Filta iliyoachwa uchi karibu na injini hunyonya hewa ya moto. Nje kukiwa nyuzi 25 na chini ya boneti nyuzi 60, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10, hasara kubwa kuliko faida yoyote ya filta hiyo. Kuishusha hadi nyuma ya bampa huleta hewa baridi, lakini dimbwi moja la mvua za masika linatosha kuingiza maji ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa, na mkono wa pistoni hupinda.

Kwa anayeteremka kutoka Embu kwenda Kiritiri au Ishiara, vumbi ndilo adui mkuu. Filta za pamba hutegemea mafuta ili kushika vumbi. Yakiwa machache vumbi hupenya, na yakizidi hurukia waya wa sensa na kuharibu usomaji wake.

Kwa gari la kazi, mimi ningeacha kasha la kiwandani, niweke filta mpya ya karatasi na kukagua mpira wa pembeni yake. Baada ya wiki moja ya barabara ya murramu, fungua bomba upande wa injini na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu, tafuta panapovuja kabla ya kununua chochote.