Jina Mlangoni: Jinsi Ufini Ilivyopunguza Ukosefu wa Makazi

Kwa miaka mingi, katika miji ya Ufini kama katika miji mingine ya Ulaya, mtu asiye na mahali pa kulaza ubavu alitakiwa kwanza athibitishe kuwa anastahiki nyumba: aache ulevi, atibiwe, apate kazi, apande daraja baada ya daraja kutoka bweni la usiku hadi chumba cha muda, na akijaaliwa kufika kileleni ndipo akabidhiwe ufunguo. Wengi walianguka njiani, wala si ajabu, kwani ni muhali mtu kuacha chupa hali kila usiku analala miongoni mwa wageni, viatu vyake amevifanya mto visije vikaibwa.

Mwaka 2007 watu wanne walioteuliwa na serikali, askofu na tabibu wakiwamo, walitoa ripoti yenye jina la “Jina Mlangoni”, na mwaka uliofuata serikali, manispaa na jumuiya za hisani zikaafikiana kuipindua ngazi hiyo. Nyumba ikawa mwanzo, si tuzo. Mtu hutia saini mkataba wa upangaji kama mpangaji yeyote, hulipa kodi, na pato lake lisipotosha husaidiwa na ruzuku ya serikali. Tiba na ushauri humfuata nyumbani, kwa ridhaa yake.

Wachambuzi wengi huishia hapo, kana kwamba rai njema huinua kuta. Mimi naona siri ya kazi hii imo katika ardhi na matofali. Jiji la Helsinki linamiliki sehemu kubwa ya ardhi yake, na lina nyumba za kupangisha zipatazo 60,000, ambazo kodi yake haipandi kwa matakwa ya soko. Kando yake ipo Y-Säätiö, asasi iliyoasisiwa mwaka 1985 na miji, kanisa, Msalaba Mwekundu, waajiri wa ujenzi na chama cha wafanyakazi wao, ambayo ilinunua nyumba mojamoja ndani ya majengo ya kawaida, hata jirani asijue nani alitoka barabarani na nani hakutoka. Sehemu ya fedha za kuzinunulia ilitokana na mashine za kamari.

Mabweni nayo hayakuachwa. Katika mtaa wa Alppikatu, Helsinki, Jeshi la Wokovu lilikuwa na bweni la vitanda 250. Likabomolewa ndani na kujengwa upya kuwa nyumba 81, kila moja na jiko lake, choo chake na mlango unaofungwa kwa ufunguo wa mwenyewe. Vitanda vilipungua, na hesabu hiyo yaweza kumtisha mtawala yeyote. Lakini kitanda cha bweni humsitiri mtu usiku mmoja, kesho akarudi kupanga foleni, ilhali mkataba humwondoa katika foleni hiyo.

Mwaka 1987 wasio na makazi nchini Ufini walizidi 18,000. Mwaka 2023 walikuwa 3,429. Mwaka 2024, ambao serikali ilipunguza ruzuku ya kodi, hesabu ya Novemba ilipanda hadi 3,806, na kabla ya hapo haikuwa imepanda tangu mwaka 2012.