Mizani, Dadu na Kinyago: Roho na Maadili katika Mchezo wa Kuigiza, kwa Kuitazama Bwami ya Maniema

Mchezo wa kuigiza wa mezani ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajaushughulikia sana. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akabeba nafsi ya mhusika, na msimamizi akasimulia kisa ambacho mwisho wake haujulikani. Dadu ndizo huamua palipo na shaka. Utanzu huu ulipata sura yake ya kuchapishwa Marekani mwaka 1974, katika Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson. Humo wahusika waligawanywa katika pande tatu, yaani sheria, vurugu na kati. Mhimili wa wema na uovu uliongezwa baadaye katika miaka hiyo ya 1970. Kasoro ya mpango huo ni bayana: mhusika huandikiwa uadilifu wake kabla hajatenda lolote.

Mtunzi atakaye mchezo wa roho ambao wasikilizaji wa Kasongo au Kabambare watautambua kuwa wao hawezi kuanzia hapo. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi ilipotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi Aprili 1893, na Uislamu ulioachwa na enzi hiyo ungalipo pamoja na Kiswahili chake. Katika mapokeo hayo Rakibu na Atidi huandika matendo, na mizani hupima siku ya hesabu. Ni taswira yenye nguvu, na kwa mtunzi wa mchezo ni rahisi mno: humshawishi kuhesabu alama. Lakini mizani ile ni ya Mungu. Ikishikwa na msimamizi wa mchezo hugeuka kuwa daftari la duka.

Mfano wenye manufaa zaidi uko jirani, kaskazini, katika eneo la Pangi kwa Walega. Bwami, chama cha madaraja ambacho Daniel Biebuyck alikichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kukiandikia kitabu kilichotoka 1973, kilifundisha maadili kwa ngoma, methali na vitu vidogo vya mti na pembe za ndovu. Wahusika wake ni wa kuigizwa. Wayinda ni mwanamke mjamzito aliyezini; Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ni mtu wa busara aonaye pande zote. Mtahiniwa hakupewa ufafanuzi wa moja kwa moja. Alionyeshwa sanamu, akachezewa, akaimbiwa, akaachwa aunganishe mwenyewe. Tena sanamu ya umbo lile lile iliweza kuchukua jina jingine mahali pengine.

Hapa ndipo hoja ya uhakiki ilipo. Katika Bwami kupanda daraja kuligharimu mali na kulihitaji jamaa wakuunge mkono, mgomvi alikwama. Mwanamume hakufika kindi, daraja la juu kabisa, bila mke naye kupanda hadi bunyamwa. Kwa hiyo tabia ya mtu ilijaribiwa na watu wanaomfahamu, nje ya uwanja wa ngoma, kwa miaka. Mchezo wa mezani hauna miaka hiyo. Una jioni moja na watu watano. Anayeuchukua ule mfano wa Bwami na kuchapa sanamu kwenye karata, kila moja na nambari yake, amechukua ganda. La kuchukua ni utaratibu: kitu hutangulia, tendo hufuata, maana huja mwisho, na hutolewa na walioketi hapo.

Kitabu cha Biebuyck chenyewe kina udhaifu unaofanana. Methali zimepangwa humo kwa wingi na kwa uangalifu, lakini zikiisha kupangwa huwa kimya. Ni yeye mwenyewe anayesisitiza kwamba maana yake imo katika utendaji. Ikumbukwe pia kwamba utawala wa Kibelgiji ulipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na kwamba sanamu nyingi leo ziko katika makumbusho na mikononi mwa matajiri wa Ulaya na Marekani. Mchezo unaoazima kutoka huko unaazima kwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara moja, na haitoshi kusema ni burudani tu.

Lugha nayo ina neno lake. Walega husema busoga, na humo uzuri na wema havitengani. Kiswahili kina -ema peke yake, lakini -zuri huvuka pande zote mbili: mtu mzuri huenda ni wa sura, huenda ni wa tabia, na mara nyingi msemaji hajali kutenga. Majaribio ya mchezo yangeanzia kwenye neno hilo. Sanamu ya Wayinda iwekwe katikati ya meza, bila nambari. Mchezaji mmoja aseme kwa sauti ya mume, mwingine kwa sauti ya mama mkwe, wa tatu kwa sauti ya Wayinda mwenyewe, kisha msimamizi aulize ni nani kati yao aliye mzuri. Dadu zibaki mfukoni hadi wote watatu wawe wamesema.