Unajua Kusoma?

Mwaka 1890 daktari wa miaka thelathini alikuwa akipiga hodi nyumba kwa nyumba katika kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi, ambako dola ilipeleka wafungwa wake. Alibeba kadi alizochapisha hukohuko kisiwani: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, mwaka wa kufika, kazi, ugonjwa. Kadi za wanawake alizipiga mstari wa penseli nyekundu. Kwa miezi mitatu alijaza kadi zipatazo 10,000.

Ni Anton Chekhov huyo, na kuna swali moja katika kazi ile ambalo halinitoki. Kadi ilitaka kujua iwapo mtu ana elimu ya kusoma na kuandika. Yeye kwa mdomo akauliza tu: unajua kusoma? Alikuwa ameng'amua kwamba mkulima anayeweza kufuata maandishi ya chapa, ila kalamu haishiki, hujihesabu hana elimu. Wengine walijishusha kwa haya, wakauma maneno hadi waulizwe tena, ndipo wakakiri kwamba zamani walikuwa wakisoma kidogo. Hili kwetu si geni. Muulize bibi wa Pwani, "Umesoma?" Atakujibu hakusoma, maana skuli hakuingia, naye kila usiku wa Ijumaa yuko na Yasini yake mkononi. Karani mvivu angeandika "hapana" akahamia mlango wa pili.

Sikio la namna hiyo alilinoa magazetini. Alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari Moscow, tangu 1882, aliandikia jarida la vichekesho la Oskolki, ambalo mhariri wake alitaka mistari kama 100, basi. Aliandika ili nyumbani papikwe. Mwishoni mwa 1884, akiwa daktari tayari, alikaa mahakamani akiripoti kesi ya benki ya Skopin iliyofilisika, na siku hizohizo akaanza kukohoa damu. Kifua hicho ndicho kilichomuua mwaka 1904.

Utani wake kwamba udaktari ni mke na uandishi ni hawara umerudiwa mpaka umechakaa, na mimi sidhani hata unamweleza vizuri. Nyumba zilikuwa mbili wapi? Kitabu chake cha Sakhalin, kilichotoka 1895, ni ripoti ya mwandishi wa habari na ya tabibu kwa pamoja. Kipindupindu kilipotishia mwaka 1892, yeye akiwa kwenye shamba lake la Melikhovo, alichukua dhamana ya kutibu vijiji 25, viwanda vinne na monasteri moja, bila mshahara. Halafu kuna jambo dogo ambalo wasifu wake hulipita mbio: jarida la madaktari wa upasuaji lilipokaribia kufa kwa kukosa fedha, mwandishi huyu, ambaye jina lake lilikwisha vuma, alizunguka akilitafutia mfadhili na mchapaji. Wasomaji wa hadithi zake wasingelifungua kamwe jarida lile. Mimi namheshimu kwa mguu huo kuliko kwa makofi yote aliyopigiwa Moscow.

Makofi yenyewe yalikuja baada ya tamthilia yake moja kuzomewa St. Petersburg mwaka 1896, na kisa hicho kimesimuliwa vya kutosha. Mimi naitazama tamthilia yake ya dada watatu, ya 1901. Chebutykin, daktari mzee wa jeshi, anaingia akisoma gazeti. Amekuta dawa ya nywele zinazonyonyoka: naftalini, ile ya kufukuzia nondo kabatini, iyeyushwe katika spiriti, itumiwe kila siku. Daktari mzima anatoa kijitabu chake, anainakili dawa ya gazetini. Watu ukumbini wanacheka.

Katika sehemu ya tatu mzee yuleyule anarudi amelewa. Anasema udaktari wote umemtoka kichwani, na kwamba Jumatano alimtibu mwanamke, akafa. Huko nje mji unaungua moto, na hakuna anayekumbuka kwamba alikwisha tuonyesha kile kijitabu.